Waliochonga Makaburi ya Wafalme Walidai Posho Yao

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, kuna bamba la jiwe la chokaa, refu kidogo kuliko rula ya mwanafunzi, lililoandikwa pande zote mbili. Pembeni yamepangwa majina ya wanaume 40. Mbele ya kila jina kuna tarehe kwa wino mweusi, na juu ya tarehe, kwa wino mwekundu, kuna sababu. Anaumwa. Anaumwa macho. Ameumwa na nge. Anashughulikia maziko ya mama yake. Anatengeneza pombe. Anajenga nyumba yake. Mkewe, au bintiye, yuko katika siku zake. Ametumwa na karani. Mmoja wao, aliyekuwa tabibu wa wenzake, hakushika patasi siku kadhaa kwa kuwa alikuwa akiwatengenezea wagonjwa dawa.

Hilo ni daftari la mahudhurio kazini. Liliandikwa mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramesses II, karibu mwaka 1240 KK, na waliotajwa humo ndio waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme wa Misri katika Bonde la Wafalme.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mahudhurio katika shamba la mkonge mkoani Tanga. Kila alfajiri, kabla hatujaamka, alikuwa tayari amekwenda kuita majina kwa mwanga wa kandili. Waliofika aliwatia alama kwa wino wa bluu, wasiofika aliwaandikia kwa wino mwekundu: mgonjwa, yuko msibani, ana ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika), hajulikani alipo. Nilipoiona kwa mara ya kwanza picha ya jiwe lile na maelezo yake nilimwona baba. Tangu hapo siwezi kuisoma historia ya Misri kama nilivyofundishwa shuleni, yaani orodha ya mafarao na vita vyao.

Sisemi wafalme hawana maana. Ninasema kwamba kazi kubwa za kale zilifanywa na watu wenye majina, wenye maradhi, madeni na wake wa kuwajibia, na kwamba ushahidi wa maisha yao tunao, umeandikwa kwa mikono yao wenyewe. Kwa hiyo kila tunapozikabidhi kazi hizo kwa majini, kwa majitu au kwa wageni kutoka sayari nyingine, tunawadhulumu. Ujira wa kwanza, ule wa nafaka, waliupigania wakaupata. Huu wa pili, wa kukumbukwa kwamba kazi ni yao, hawana namna ya kutudai.

Kijiji chao leo kinaitwa Deir el-Medina. Kiko magharibi ya Mto Nile, ng'ambo ya mji wa Luxor, katika bonde kavu lililobanwa na vilima. Kiliishi watu kwa zaidi ya miaka 400, kuanzia mnamo mwaka 1500 KK mpaka karibu 1080 KK. Kiliposhamiri kilikuwa na nyumba zipatazo 68 ndani ya ukuta, na nyingine chache nje. Humo walikaa mafundi mawe, wachoraji, wapiga lipu na makarani pamoja na familia zao. Kikosi chao kiligawanywa kama mabaharia wa chombo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kila upande na mnyapara wake.

Mwaka 1922 mambo mawili yalitokea katika vilima hivyohivyo. Mwezi wa Novemba Howard Carter alilifikia kaburi la Tutankhamun, na dunia nzima ikasimama kutazama. Vitu zaidi ya 5,000 vilitolewa humo, ukiwemo uso wa dhahabu wenye uzito wa kilo 10 hivi. Mwaka huohuo, upande wa pili wa kilima, Mfaransa Bernard Bruyère alianza kuchimba kwenye kijiji cha mafundi kwa niaba ya taasisi ya Kifaransa ya akiolojia iliyoko Cairo. Hakuna magazeti yaliyomkimbilia. Alichimba huku akisimama na kurudi hadi mwaka 1951, na alichokuwa akikitoa zaidi ni takataka.

Na takataka zenyewe! Papirasi, yaani karatasi ya mafunjo, ilikuwa ghali, basi watu wa kijiji waliandika juu ya chochote kilichokuwa karibu: vipande vya mawe ya chokaa vilivyobaki wakati wa kuchonga makaburi, na vigae vya mitungi iliyovunjika. Wataalamu huviita ostraka. Barua, stakabadhi, orodha ya nguo zilizopelekwa kwa dobi, kesi za punda, mazoezi ya wanafunzi, mashairi ya mapenzi. Yakishasomwa, yalitupwa. Kaskazini mwa kijiji kuna shimo lenye kina cha karibu mita 50, linaloaminika kuwa lilichimbwa kutafuta maji yasiyopatikana, kisha likageuka jalala. Bruyère alipolizibua mwishoni mwa miaka ya 1940, alitoa ostraka elfu kadhaa. Mcheki Jaroslav Černý aliyatumia maisha yake yote kuyasoma maandishi ya kijiji hiki, na kama si yeye, nyingi ya sauti ninazozitaja hapa zingekuwa bado bubu.

Kaburi la Tutankhamun linatueleza mfalme alizikwaje. Jalala la Deir el-Medina linatueleza watu waliishije. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nitachukua jalala.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, wastani wa mita za mraba 70, nyembamba na ndefu, vyumba vikifuatana kama mabehewa. Ukiingia kutoka kichochoroni unakanyaga chini kidogo, chumba cha kwanza kina jukwaa la matofali pembeni, mahali pa ibada ya nyumbani. Cha pili kina nguzo katikati na baraza ya kukalia, na mara nyingi chini yake kuna shimo la kuhifadhia vitu. Nyuma kabisa ni jiko la wazi: tanuri la mkate, kinu, jiwe la kusagia, na ngazi ya kupandia darini, kwani joto likizidi watu walipanda juu. Aliyekulia nyumba za Kiswahili zenye ua nyuma atajiona hayuko ugenini.

Kijiji hakikuwa na kisima. Kila tone la maji lilipanda kwa punda kutoka bondeni, na serikali iliajiri wachota maji, wavuvi, wakata kuni, wakulima wa mboga na madobi kwa ajili ya mafundi hawa tu. Kuna ostraka ambazo dobi, au mteja wake, amechora picha za nguo badala ya kuandika: kanzu ngapi, shuka ngapi, vitambaa vingapi vya kiunoni. Asiyejua kusoma naye alikuwa na hesabu yake.

Wiki yao ilikuwa ya siku 10. Wakati wa kazi mafundi walipanda kilima na kulala kwenye vibanda vya mawe juu ya njia ya kwenda Bonde la Wafalme, wakarudi nyumbani mwisho wa wiki. Mifupa ya wanaume waliozikwa kijijini ina alama za baridi yabisi magotini na kwenye vifundo vya miguu. Ndani ya makaburi walifanya kazi kwa mwanga wa taa za mafuta, na tambi za taa hizo zilihesabiwa moja moja zikitoka ghalani. Patasi za shaba zilipimwa uzito zilipotolewa na zilipimwa tena ziliporudishwa, ili asiwepo wa kukatakata mali ya Farao na kwenda nayo nyumbani. Si kila mmoja alikuwa mwaminifu. Mnyapara mmoja, Paneb, ameachiwa historia mashtaka marefu sana: kuiba mawe ya kaburi la Seti II na kuyatumia kwenye kaburi lake mwenyewe, kupiga watu, kutembea na wake za wenzake, na kulewa divai kisha kukalia jeneza la jiwe la mfalme. Aliyemshtaki alikuwa na uchungu wa kukosa cheo hicho, kwa hiyo hatuna budi kumsikiliza kwa tahadhari. Lakini soma mashtaka hayo, halafu niambie kama hujawahi kufanya kazi chini ya mtu kama Paneb.

Sarafu haikuwepo. Mshahara ulikuwa posho ya nafaka, nayo inajulikana kwa hesabu: fundi wa kawaida alipata kwa mwezi khar 4 za ngano na khar moja na nusu ya shayiri. Khar moja ni lita 76 hivi. Ukipima kwa madebe yetu ya lita 20, ni kama madebe 15 ya ngano ya kuokea mkate na karibu madebe 6 ya shayiri ya kutengenezea pombe. Mnyapara na karani walizidishiwa. Familia ilikula, na kilichobaki kilibadilishwa kwa samaki, mafuta, vitanda au viatu, bei ikihesabiwa kwa uzito wa shaba uitwao deben, gramu 91 hivi, hata kama shaba yenyewe haikuonekana sokoni.

Mahali palipo na kubadilishana pana kukopa, na palipo na kukopa pana kuzungushwa. Mchoraji mmoja, Menna, alimpa mkuu wa polisi aitwaye Mentmose chungu cha mafuta, kwa ahadi ya kulipwa shayiri. Hakulipwa. Menna alimshtaki katika baraza la kijiji, akamshtaki tena, na tena. Kumbukumbu zinaonyesha deni lilivuka zaidi ya miaka 10 na kuingia utawala wa mfalme mwingine. Watu wazito kudaiwa na wanyonge, na mnyonge kuchakaza viatu akifuata haki yake: hilo halihitaji mfasiri. Mambo yakishindikana barazani, walimwendea mfalme aliyekufa na kufanywa mungu, Amenhotep I. Sanamu yake ilibebwa mabegani, swali likaulizwa, na sanamu ikisogea mbele jibu ni ndiyo, ikirudi nyuma ni hapana.

Sasa niingie kwenye lile lililonifanya niandike makala hii.

Mwaka wa 29 wa Ramesses III, katika miaka ya 1150 KK hivi, posho ilianza kuchelewa. Karani Amennakht aliyaandika yaliyofuata kwenye papirasi ambayo sasa iko Turin, Italia. Siku ya 10 ya mwezi, mafundi waliweka patasi chini na kuzivuka kuta za ulinzi za eneo la makaburi wakisema: tuna njaa, siku 18 zimepita. Wakaenda kukaa nyuma ya hekalu la Thutmose III. Wakubwa wakawafuata wakiwabembeleza na kuwaapia viapo vizito. Hawakurudi. Kesho yake wakafika mpaka kwenye lango la hekalu la Ramesses II, na siku iliyofuata wakaingia. Huko ndiko walikosema maneno ambayo nayanukuu kwa Kiswahili changu:

"Njaa na kiu ndivyo vilivyotuleta hapa. Hatuna nguo, hatuna mafuta, hatuna samaki, hatuna mboga. Mpelekeeni habari Farao, bwana wetu mwema, na mpelekeeni waziri, mkubwa wetu, ili tupewe riziki."

Posho ya mwezi uliopita ikatolewa siku hiyo.

Tazama walivyofanya. Hawakuvunja kitu. Hawakumtukana mfalme. Walikwenda kukaa kwenye mahekalu ya ibada za wafalme waliotangulia, penye nafaka na penye macho ya watu. Walitaja kimoja kimoja walichokosa, na wakataka habari ifike kwa mwenye uamuzi, si kwa wajumbe. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wafanyakazi ambao mishahara yao imekwama anaujua utaratibu huu. Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi; watu hawa walisema vivyo hivyo huku wameketi chini.

Katika siku hizo mkuu wa polisi, mwenye jina lilelile la Mentmose, aliwashauri wafunge milango ya nyumba zao, wachukue wake na watoto wao, naye atawatangulia kwenda kukaa kwenye hekalu la Seti I. Polisi kuongoza wagomaji! Sijui kama Menna alikuwa bado anangoja shayiri yake.

Posho ikakwama tena, na wakatoka tena. Waziri To alituma ujumbe kwamba hata ghala lenyewe halina kitu, ila atawapa alichopata, na walichopata kilikuwa nusu. Na katika mmojawapo wa migomo ya miezi hiyo walisema jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote: safari hii si njaa iliyotufanya tuvuke kuta, tuna shtaka kubwa, kwa hakika ovu limetendeka mahali hapa pa Farao. Hapo mgomo umevuka tumbo. Mafundi wanawashtaki wakubwa wao kwa kuharibu mahali ambapo mfalme amewakabidhi wote pamoja. Ni wafanyakazi wanaojiona wana sehemu katika nchi na wanaojua kwamba mwenye kuiangusha si wao.

Mara nyingi huu hutajwa kama mgomo wa kwanza wa wafanyakazi ulioandikwa duniani. Nakubali, ila sioni fahari katika neno "kwanza". Fahari iko kwa Amennakht. Yeye alikuwa karani wa serikali, mshahara wake ulitoka ghala lilelile, na bado aliyaandika maneno ya wagomaji bila kuyageuza kuwa kelele za wahuni.

Miaka michache baada ya hapo, katika mwaka wa 3 wa Ramesses V, mwanamke mmoja mzee wa kijiji alisimama mbele ya baraza kutoa wosia. Anaitwa Naunakhte. Aliwahi kuolewa na karani Qenherkhepshef, mtu mzima sana kwake, kisha akaolewa na fundi Khaemnun na kuzaa naye watoto. Wanane walikuwa hai. Alianza kwa kusema yeye ni mwanamke huru wa nchi ya Farao. Kisha akasema kwamba aliwalea hawa wanane, akawapa vyombo vyote vya kuanzia maisha kama ilivyo desturi, lakini sasa amezeeka na wao hawamtunzi. Aliyeweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasema, huyo nitampa mali yangu. Ambaye hakunipa kitu, simpi. Akawataja kwa majina, waliomo na wasiomo. Mwana mmoja, aliyepewa jina la yule mume wa kwanza, aliongezewa beseni la shaba.

Nimekaa kwenye vikao vya mirathi ambako hayahaya yamesemwa na mama yamemtoka machozi. Tofauti ni kwamba Naunakhte aliyasema akiwa hai, mbele ya mashahidi, na karani akayaandika. Mali ile ilikuwa yake, kwa haki yake, na baba wa watoto hakuweza kuipangua. Mtu akitaka kunihubiria kwamba zamani zote mwanamke hakuwa na sauti, nitamwomba kwanza anieleze habari za beseni hili.

Kuna pingamizi la haki ambalo lazima nilijibu. Mafundi wa Deir el-Medina hawakuwa watu wa kawaida kabisa. Walilipwa vizuri kuliko wakulima, wengi wao walijua kusoma, walikuwa na madobi, na walipewa hata wajakazi wa serikali wa kuwasagia nafaka kwa zamu. Wajakazi hao hawakuacha barua. Mamilioni waliolima kando ya Nile hawakuacha barua. Aliyekuwa akisaga ngano ya wagomaji, yeye alidai kwa nani? Pingamizi hilo nalikubali lote. Ninachoongeza ni kwamba ukimya wa mjakazi tunaujua kwa sababu jalala limeutaja uwepo wake: siku zake za kusaga ziligawiwa, zikaandikwa kama mali. Kaburi la dhahabu lisingetuambia hata hilo.

Na sasa wale wa sayari nyingine. Hupiti wiki bila kutumiwa video yenye sauti nzito inayosema mapiramidi hayawezi kuwa kazi ya binadamu. Wengine husema majini, wengine majitu ya kabla ya gharika. Watumaji ni watu wazuri, walimu, mashemeji, viongozi wa dini. Nawajibu kwa heshima, lakini nawajibu.

Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilipata papirasi zilizoandikwa mwishoni mwa utawala wa Khufu, yule mwenye piramidi kubwa, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Hakuna papirasi zenye maandishi kongwe kuliko hizo. Ndani yake kuna shajara ya kazi ya mtu aitwaye Merer, kiongozi wa kikosi cha watu wapatao 40. Siku baada ya siku anaandika: tumepakia mawe Tura, tumelala njiani, tumefika Giza, tumerudi Tura. Tura ndiko yalikotoka mawe meupe ya kufunika piramidi. Ni kumbukumbu za nahodha wa jahazi la mizigo. Pale Giza penyewe, kusini mwa Sphinx, Mark Lehner na wenzake wamefukua makazi ya wafanyakazi: mabweni, matanuri ya mikate, mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Tangu mwaka 1990 yamechimbwa makaburi ya wajenzi hao karibu na piramidi, na ndani yake kuna mifupa ya mikono iliyovunjika, ikaungwa, ikapona. Mtumwa asiye na thamani haungwi mkono ukapona vizuri. Vikosi vyao viliacha majina ya kujisifu ndani ya mawe: Marafiki wa Khufu, Walevi wa Menkaure.

Video haimtaji Merer. Inaogopa kumtaja, kwani Merer akiingia, muujiza unaisha na kazi inaanza kuonekana: mashua, kamba, mikate, zamu, mgongo unaouma.

Kwa Mwafrika jambo hili si mchezo wa kubishana mitandaoni. Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe kusini mwa Afrika, ilisemwa na wakoloni kuwa ni kazi ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, mradi isiwe ya wenyeji, hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuonyesha mwaka 1929, kwa vigae na matabaka ya udongo, kwamba ni ya Waafrika. Miji ya mawe ya pwani yetu nayo iliandikwa miaka mingi kama makoloni ya Waarabu na Waajemi. Kisha katika miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate, na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti iliyotangulia, midogo, ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine. Mji ulikua pale pale, kutoka boriti hadi matumbawe. Uajemi na Uarabuni wamo katika damu na dini ya pwani, hilo halina ubishi. Lakini nani alikata matumbawe, nani alichoma chokaa, nani alitengeneza vyungu vya kupikia? Jibu la maswali hayo liko chini ya miguu yetu, katika vigae ambavyo watoto huchezea ufukweni.

Na vigae hivyo vinakwisha. Huku kwetu bado wako watu wanaochimba usiku kutafuta "mali ya Mjerumani", kando ya maboma, makaburi ya zamani na magofu. Nimewahi kusimama kwenye gofu moja la pwani asubuhi baada ya wachimbaji kupita. Shimo lilikuwa refu kunizidi kimo. Pembeni yake kulikuwa na lundo la udongo, na ndani ya lundo vigae vyekundu vyenye michoro ya pembetatu shingoni, magamba ya kombe, mifupa ya samaki, ushanga mmoja wa kioo cha buluu. Hawakuvitaka. Walivitupa pembeni kama uchafu, vya karne moja vikachanganyika na vya karne nyingine, na sasa hakuna mtaalamu atakayeweza kusema ni nani alikula samaki yule, wala alimla kabla au baada ya msikiti kujengwa. Mlinzi, mzee mmoja, alikuwa akiviokota na kuviweka kwenye ndoo. Nilimuuliza atavipeleka wapi. Akanijibu, "Sijui mwanangu, lakini siwezi kuviacha hapo."

Daftari za baba zilikaa miaka mingi kwenye sanduku la bati uvunguni. Baada ya kustaafu maisha yalibana, mama akaanza kuuza karanga kituo cha basi, na karatasi zikawa zinachanwa moja moja kufungia karanga. Hatukuona kosa, karatasi zilikuwa zimekwisha kazi yake. Nilipokwenda kulifungua sanduku mwaka jana nilikuta kurasa 11 za daftari moja, kutoka Machi hadi Mei, mwaka haupo. Wino wa bluu umefifia, mwekundu bado unasomeka. Kwenye ukurasa wa nne kuna jina la mtu aliyekosa kazi siku tatu mfululizo, na mbele yake baba ameandika kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: mtoto amezaliwa.